Kibodi cha MP1584: kizuri kwa pikipiki, msikifunge kwenye lori

Nimekitumia kibodi hiki miezi minane sasa, nimefunga kama ishirini hapa Tunduma. Si kibodi cha kuchapia; ni kile kibao cha saketi, kidogo kama ukucha wa dole gumba, chenye chipu ya MP1584, cha kushusha umeme wa betri hadi volti 5 za kuchajia simu. Nilinunua 4,000 kimoja. Kwenye pikipiki, bajaji na magari madogo ya volti 12 sina lalamiko: ukichaji simu moja hakipati joto la kutisha, na kinajificha popote. Ila skrubu yake ya kurekebishia volti ni laini mno, mtikisiko wa barabara unaisogeza. Mimi nikishaona 5.1 kwenye mita, naipaka rangi ya kucha ishike hapo hapo.

Shida ilikuja na lori la Fuso, nilipokuwa nafunga kibodi cha kulisha kamera ya dereva. Tangazo lilisema "hadi volti 28". Dereva akaniuliza, "Fundi, gari langu ni 24, si inatosha?" Nikamwambia inatosha.

Nilipogusisha waya wa chanya, injini ikiwa imezimwa, ilitoka cheche ndogo, tiki, kisha moshi mwembamba juu ya chipu. Betri zilikuwa zinasoma 25 tu. Nilidhani nimegeuza waya. Sikuwa nimegeuza.

Kumbe ni hivi. Kwenye mlango wa umeme, kibodi hiki kina kapasita (kijitangi cha kutunza chaji) ndogo ya seramiki peke yake. Ukiiunganisha ghafla kwa waya mrefu, umeme unaingia kwa kishindo, unapitiliza, na kwa muda mfupi mno unaweza kukaribia mara mbili ya volti za betri. Yaani 25 inaelekea 50. Kiwanda chenyewe, Monolithic Power Systems, kimeandika kwamba chipu hii ifanye kazi kati ya volti 4.5 na 28, na kikomo cha mwisho ni 30. Kikomo cha mwisho si mahali pa kufanyia kazi. Ni mstari ambao ukiuvuka hata kwa kufumba na kufumbua, chipu haina dhamana tena ya kupona. Na hata kama ingenusurika ile cheche, baadaye niliiwasha Fuso nikapima: oltaneta inachaji kwa 28.2. Nafasi ya usalama imekwisha kabla gari halijatoka gereji.

Kilichoniuma zaidi ni namna ilivyokufa. Chipu ilipiga shoti ndani, volti 25 zikapita moja kwa moja upande wa pili na kuunguza kamera ya dereva. Niliilipa, na ilikuwa haki yake.

Kile kibodi cha bluu cha LM2596 kina nafuu: kinafanya kazi hadi 40, kikomo chake 45. Soma kwanza maandishi kwenye kapasita ya kuingizia umeme, iwe ya volti 50; ukikuta 35, kirudishe kibodi. Lakini kwa lori mimi sasa natumia chipu ya LM2576HV, ile ya miguu mitano, inayofanya kazi hadi volti 60. Naiunga mwenyewe. Mbele yake naweka fyuzi ya ampea 2, kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 100 na volti 63, ambayo inatuliza kile kishindo, na diodi ya ulinzi 1.5KE39A inayoubana umeme usipite volti 54 hivi. Diodi hiyo usiiache. Terminali ya betri ikilegea injini ikiunguruma, oltaneta ya lori inaweza kurusha zaidi ya volti 100.

Gharama yote inafika 15,000, na madereva wengine wananung'unika. Fuso ile imeshakwenda Lusaka na kurudi mara mbili, kamera mpya inafanya kazi. Vibodi vya MP1584 bado ninavyo kwenye droo, kwa ajili ya pikipiki na bajaji. Dereva wa lori akiviulizia simuuzii.