Kijitabu cha tamathali za semi cha elfu tatu: uzoefu wangu, Kigoma

Nimekuwa na kijitabu hiki cha tamathali za semi, yaani mbinu za kupamba usemi, tangu nilipojiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni vile vya kutoa kopi, vinauzwa steshenari huku Mwanga, jalada halina hata jina la mtunzi. Mchana niko sokoni na dagaa wangu, nilitaka kitu cha kusoma wateja wakipungua. Kwa hilo kimenifaa.

Utamu wake ni mifano. Hakikukaririshi maana ndefu. Kinaweka sentensi mbili jirani: "Juma ni mrefu kama mchikichi", halafu "Juma ni mchikichi". Ya kwanza inalinganisha kwa "kama", ni tashibiha. Ya pili imelitupa "kama", ni sitiari. Basi, umeelewa. Kwenye tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho mtu tabia za mtu, kuna "Ziwa limenuna leo", na hiyo mvuvi yeyote wa Kibirizi anaisema bila habari kwamba anajibu swali la mtihani. Mubalagha na mbalagha, ambazo huwachanganya wengi, zimetenganishwa vizuri: mubalagha ni chuku, kutia chumvi kupita kiasi, mbalagha ni swali lisilongoja jibu, kama "Nani asiyetaka kheri?"

Sinekidoki ndipo kilipoharibu. Mfano wake eti "Ikulu imetoa tamko". Hapana! Ikulu ni mahali panapotajwa kwa niaba ya waliomo, na hiyo ni metonimia. Sinekidoki hutaja sehemu ya kitu kumaanisha kitu kizima, au kinyume chake. Mtunzi angeshuka tu mpaka zinapopakiwa boti angesikia "nauli kwa kichwa". Hakuna abiria anayesafirisha kichwa peke yake.

Upande wa maudhui, yaani yale yanayosemwa na kazi ya fasihi, ni mwepesi mno. Dhamira na ujumbe vimefafanuliwa kwa maneno yaleyale, wakati dhamira ni jambo linalozungumziwa, tuseme rushwa, na ujumbe ni funzo unalobaki nalo, kwamba rushwa hunyima mnyonge haki. Hapo itabidi umtafute mwalimu.

Kwa tamathali tu nakipa nne kati ya tano. Ukinunua, chagua kilichobanwa kwa springi. Cha pini kurasa za mwisho zinachomoka upesi, na majibu ya mazoezi yako hukohuko.