Baraka za Utii: Kumbukumbu la Torati 28 na Mathayo 5
Katika Kumbukumbu la Torati 28, Musa anawaambia Waisraeli, wakiwa bado ng'ambo ya Yordani katika nchi ya Moabu, kwamba wakiisikiliza sauti ya Bwana watabarikiwa mjini na mashambani, katika watoto, mifugo, kapu na chombo cha kukandia unga. Baraka hizo zinashikika kwa mkono, na zimeahidiwa taifa zima lililofungwa na agano. Laana za uasi, zenye aya 54 dhidi ya 14 za baraka, zinafikia hadi kutawanywa kati ya mataifa.

Mathayo 5 inawaita heri maskini wa roho, wenye huzuni na wanaoudhiwa kwa ajili ya haki, watu ambao kwa kipimo cha sura ile wangedhaniwa wameadhibiwa. Utii haukulegezwa, kwani Yesu anakataza kuvunja hata amri iliyo ndogo. Kilichohama ni thawabu, ambayo anasema ni kubwa mbinguni. Hata hivyo, naona si haki kuifanya tofauti hii kuwa mpaka kati ya Uyahudi na Ukristo, maana Ayubu, aliyemo katika Biblia ya Kiebrania, alikuwa mkamilifu na bado akapoteza mali na watoto.