Springi za upepo au za chuma?

Kwenye gari lenye springi za upepo, yaani mifuko ya mpira iliyojazwa hewa badala ya koili za chuma, utakachokihisi kwanza ni utulivu. Mashimo madogo yanapita chini yako kama hayapo. Range Rover ilianza kuzitumia mwaka 1992. Unabonyeza kitufe, gari linainuka kuvuka dimbwi. Mkifika nyumbani linashuka, bibi anateremka bila kushikwa mkono. Ukijaza mizigo nyuma, kompresa, yaani pampu ya hewa, inaongeza upepo na gari linabaki sawa, taa hazimuliki mawinguni. Springi za chuma hapo hulala tu.

Shida ni umri. Mpira wa springi unapata nyufa, upepo unavuja usiku kucha, asubuhi unakuta gari limeinama upande mmoja kama ng'ombe anayecheua. Paka maji ya sabuni, povu litakuonyesha tundu. Wengi hawafanyi hivyo, wanaendesha tu, na kompresa inajaza bila kupumzika mpaka inaungua. Sasa unanunua vitu viwili.

Za chuma zinarusha, ni kweli, ila fundi yeyote wa mtaani anazibadilisha. Mwenye lami na mfuko mnene achukue upepo. Mimi naenda shamba kila wiki, nimebaki na chuma.