Uzoefu wangu wa kusoma Rebecca, riwaya ya bi arusi katika nyumba isiyomtaka

Nimeisoma Rebecca ya Daphne du Maurier mara mbili, ya kwanza kwa haraka katika siku nne za mvua na ya pili polepole nikiwa na kalamu mkononi, na ndicho kitabu ninachompa mtu anayeniuliza kwa nini baadhi yetu tunapenda hadithi za mapenzi zinazotokea katika majumba ya kale yenye siri. Utunzi huu, unaoitwa wa kigothi, ulianza Uingereza mwaka 1764, Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto, na kwa muda mrefu ulitegemea ngome, njia za chini kwa chini na mizuka. Rebecca, iliyotoka mwaka 1938, haina mzuka hata mmoja, wala haiuhitaji.

Msimuliaji ni msichana yatima aliyeajiriwa kuandamana na bibi tajiri huko Monte Carlo. Anakutana na Maxim de Winter, mgane aliyemzidi umri kwa mbali, anaolewa upesi, kisha anapelekwa Manderley, nyumba ya ukoo wa mumewe iliyo kando ya bahari. Kitabu kizima hakilitaji jina la msichana huyo, ilhali jina la mke aliyefariki limeandikwa juu ya jalada.

Kilichonishika zaidi ni jinsi hofu inavyojengwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Msichana anaazima koti la mvua, anatia mkono mfukoni na kukuta leso ya Rebecca, mke aliyefariki. Anaketi kwenye meza ya kuandikia na kuona kila kijisanduku kina lebo iliyoandikwa kwa mkono wa marehemu. Anavunja pambo dogo la kauri na kuvificha vipande kwenye droo kama mtoto aliyekosa, katika nyumba ambayo yeye ndiye bibi yake. Upande wa magharibi kuna chumba ambacho Bi Danvers, msimamizi wa watumishi, amekitunza kama kilivyokuwa, kitanda kikiwa kimetandikwa na nguo ya kulalia ikimngojea asiyerudi. Sisi tunaijua hali hii kwa jina lake: ni uke wenza. Lakini mke mwenza aliye hai huzeeka, hukosea, na unaweza kugombana naye mkapatana. Aliyekufa hubaki mzuri vilevile siku zote, na kila anayemsifu humpunguza aliyebaki. Sijawahi kusoma riwaya nyingine inayoeleza kwa undani namna hii uchungu wa kuingia ukweni na kukuta kila kitu kimekwisha kupangwa na mwingine.

Mandhari nayo hayakuwekwa kwa urembo. Vyumba walivyopewa maharusi vinatazama bustani ya waridi na bahari haionekani kutoka huko, wakati vyumba vya Rebecca vinaielekea, kwa hiyo kadiri msichana anavyousogelea ukweli ndivyo anavyoyasogelea maji, ufuko, na hatimaye ukungu unaoingia mambo yanapokaribia kufichuka. Mwandishi alianza kuitunga akiwa Alexandria, Misri, alikopangiwa kazi mumewe mwanajeshi, huku akiitamani Cornwall, pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, na nyumba ya huko iitwayo Menabilly, ambayo baadaye, mwaka 1943, aliikodi na kuishi humo kwa zaidi ya miaka 20. Naamini ndiyo sababu Manderley inasimuliwa kwa hamu ya mtu aliye mbali, na kwa hiyo tunaipenda nyumba hiyo hata pale inapotutisha.

Upungufu upo. Msichana hujitungia mawazoni mazungumzo marefu yanayoweza kumchosha msomaji mwenye haraka, na unyonge wake mbele ya mume mkali uliniudhi, hasa kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusoma riwaya ya Jane Eyre ya mwaka 1847, ambamo msichana asiye na mali vilevile hujibu hoja kwa hoja. Nilipoirudia ndipo nilipoona kwamba mwandishi hakutaka tuyafurahie mapenzi haya kwa moyo mweupe. Nakala yangu, niliyoinunua mtumba, ina herufi ndogo mno na jalada lenye wapenzi waliokumbatiana, picha inayompotosha mnunuzi. Filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1940, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora, ni nzuri, lakini ilibadilisha jambo kubwa katika siri yenyewe, kwa hiyo kisomwe kitabu kwanza.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Anayeianza awe na subira hadi sura ya 7, gari linapopita njia ndefu yenye kiza na kutokea ghafla kati ya kuta mbili za maua mekundu, bi arusi akiwa amekaza mikono mapajani. Nilipofika hapo mara ya pili, nikiyajua yote yanayomngoja, bado nilitamani amwambie mumewe ageuze gari.