Utabiri wa msimu au ramani ya rada: uangalie kipi?

Inategemea unauliza nini. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), wa Vuli au Masika, husema mvua itakuwa "juu ya wastani", "wastani" au "chini ya wastani". Huo ni uwezekano kwa eneo pana na miezi kadhaa. Msimu wa "juu ya wastani" unaweza kabisa kuwa na wiki tatu kavu katikati, na hapo ndipo watu huanza kulaumu.

Rada huonyesha mvua iliyopo sasa hivi. Hutuma mawimbi ya redio, yakigonga matone yanarudi, na nguvu ya mwangwi hugeuzwa kuwa rangi: kijani mvua nyepesi, njano, kisha nyekundu kwa mvua kubwa. Tazama picha kadhaa mfululizo uone mvua inaelekea wapi. Moja pekee haikwambii mengi. Ila mwale wa mawimbi hayo hupanda juu kadiri unavyoenda mbali na rada, na milima huuzuia, hivyo mvua ya mawingu ya chini inaweza isionekane kabisa.

Anayechagua mbegu ashike utabiri. Bodaboda anayetoka Kariakoo saa kumi jioni, rada itamfaa zaidi, kwa saa moja au mbili hivi.