Injini mpya kwa MR2 ya zamani: 3S-GTE au 2GR-FE?

Toyota MR2 aina ya SW20 (1989–1999) hubeba injini nyuma ya viti. Kama yako ilikuja na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na sasa imechoka, ningekupa njia mbili.

3S-GTE ya lita 2 yenye tabo ni ndugu wa nyumbani. SW20 nyingine zilitoka nayo kiwandani. Ile ya gari la Toyota Caldina GT-T hutoa nguvu farasi 260. Lakini joto la tabo hubanwa kwenye chumba kidogo, na kuna mpira wa maji uliojificha chini ya manifoldi (mabomba ya hewa ya injini): unaupapasa kwa vidole bila kuuona, huku mkono ukichunika.

2GR-FE ni V6 (silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 3.5, ile ya Harrier na Vanguard. Bloku yake, yaani mwili wa injini, ni ya alumini; ya 3S-GTE ni chuma. Kazi kubwa ni waya na kompyuta, hapo usibahatishe fundi. Ila ukikanyaga mafuta inavuta papo hapo, bila kusubiri tabo ijae.

Zote hufungika kwenye giaboksi ya E153, ile ya MR2 zenye tabo. Mimi nachagua V6, hasa kwa gari la kila siku.