Kliniki ya mifupa Kisumu: hatimaye mama ameelezwa kinachokula mfupa wake

Nilimleta mama kliniki hii kutoka Ahero. Nyonga yake ya kushoto ni bandia, ana nayo zaidi ya miaka kumi na tano, na mwaka huu ameanza kushika paja kila anapoinuka kitini. Majirani walishatoa hukumu: ni kuinama kwenye mpunga. Mama mwenyewe alikuwa ameibeba lawama hiyo.

Daktari aliweka picha mbili za eksirei kwenye taa, ya zamani na ya siku hiyo, akamwonyesha mstari mweusi uliozunguka shina la chuma ndani ya paja. Pale mfupa haupo tena. Kisha akavuta kiti akaeleza, na Kiswahili kilipomlemea mama, akahamia Dholuo.

Kichwa cha chuma cha nyonga bandia kikisuguana na kikombe chake cha plastiki, hutoka vumbi laini ajabu. Chembe nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Makrofaji, seli zinazomeza uchafu mwilini, huzimeza chembe hizo lakini haziwezi kuziyeyusha. Badala yake hutoa kemikali za uvimbe, mojawapo TNF, na hizo huzidisha ishara iitwayo RANKL. Ishara hiyo ndiyo inayokomaza osteoklasti, seli ambazo hung'ang'ania mfupa na kuutoboa kwa asidi. Kwa kawaida osteoblasti huja nyuma yake kujenga upya. Kwa mama, wabomoaji wamewazidi wajenzi, na shina halina tena cha kushika.

“Kwa hiyo si mpunga, daktari?”

Hakumdanganya. Alimwambia, “Mama, kutumia mguu sana huongeza msuguano, lakini mfupa unaliwa na seli zako zikipambana na vumbi.” Akaongeza kwamba hata madaktari waliwahi kulaumu kisichostahili: walidhani ni ugonjwa wa saruji inayoshikilia chuma, hadi nyonga zisizo na saruji zikaanza kulegea vilevile. Kwa jibu hilo peke yake ningelipa mara ya pili.

Hawakukimbilia kisu. Walipima damu na kuvuta maji ya kiungo kwa sindano, maana maambukizi nayo hulegeza nyonga, na tiba yake ni tofauti. Hayakuwepo. Walisema wazi kwamba hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia ulaji huu. Ni kupasuliwa tena, mashimo yajazwe mfupa wa kupandikizwa, na kikombe kiwe cha plastiki iliyoimarishwa kwa mionzi, aina iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambayo husagika kidogo sana.

Malalamiko ninayo. Mabenchi ya kusubiria ni mafupi mno kwa kliniki ya watu wa nyonga. Mama alisimama akiegemea ukuta kuliko kukaa chini vile. Choo hakina chuma cha kushikilia. Tafadhali rekebisheni, wazee wanaumia.

Foleni ni ndefu, fikeni mapema. Na mwenye nyonga bandia asingoje maumivu ndipo apigwe picha, kwani mfupa unaweza kulika miaka bila kuuma. Bebeni eksirei za zamani zote: bila ile ya kwanza, daktari hangejua mstari wa mama umepanuka kiasi gani.